Mafuta hayagandi kwenye mshipa kama kwenye sufuria. Nimezipasua ateri kwa mkasi, nawaeleza nilichokiona

Mzee wa Mkasi

Wakuu, salamu.

Jumamosi nilikuwa kwenye banda la kitimoto na jamaa zangu. Mmoja akaita soda ya baridi, jirani yake akamdaka mkono: "Wewe, usinywe baridi juu ya nguruwe, mafuta yatagandia kwenye mishipa. Agiza maji ya moto yayayeyushe." Meza nzima ikaitikia, mpaka mhudumu naye akatikisa kichwa. Nilinyamaza, maana kubishana na mtu ambaye kilo yake ndiyo kwanza imeletwa ni kutafuta lawama. Ila imenikaa kooni, na hapa hakuna wa kuninyima ndizi za kukaanga, kwa hiyo naandika.

Nimefanya kazi chumba cha maiti miaka 19, msaidizi wa daktari wa patholojia. Kufungua, kupima uzito, kuosha, kushona. Si daktari, penye kosa mnirekebishe. Lakini ateri za watu nimezipasua nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na hazifanani hata kidogo na sufuria la jana lililoganda mafuta.

Chukua aota, ateri kuu inayotoka kwenye moyo na kushuka mgongoni. Ya kijana aliyekufa kwa ajali ni laini, ndani ina rangi ya maziwa, inateleza. Ukiivuta inarudi kama mpira wa manati. Mkasi unapita kimya. Sasa chukua ya mzee aliyeishi na presha miaka mingi bila dawa. Mkasi unalia. Unasikia kabisa kru, kru, kama unakata ganda la yai, kwa sababu ukuta umeshaingia chokaa. Ukiitandaza mezani unaona mabaka ya manjano yaliyovimba, mengine yamechanika juu kama kidonda, na ukiyabinya yanatoa kitu laini mithili ya uji. Na huo uji si mimi niliyeubuni: Mjerumani Felix Marchand ndiye aliyeupa ugonjwa jina la atherosklerosisi mwaka 1904, kwa maneno mawili ya Kigiriki, uji na ugumu.

Mara ya kwanza nilifanya utoto. Nilidhani ni uchafu umeshika juu, nikaiweka aota chini ya bomba nikasugua kwa kidole. Wapi. Nikasugua kwa kitambaa. Wapi. Daktari akacheka, akachukua kisu, akaukata ukuta wenyewe akanionyesha ubavuni: manjano yote yamo NDANI ya ukuta, na juu yake kuna ngozi nyembamba imeyafunika. Ni kama unyevu uliopanda ndani ya ukuta wa nyumba. Unaweza kufagia sakafu mwaka mzima, ukuta utaendelea kuvimba rangi.

Kwa hiyo maji ya moto yanayeyusha nini? Maji yanaishia tumboni, na damu yako ina nyuzi 37 unywe chai au unywe barafu.

Nitaendelea na jinsi yanavyoingia, ngoja nile kwanza.

Dereva wa Masafa

Nimekaa kiti cha mbele, bumunda mkononi. Ila mkuu umeniharibia Jumapili, nilikuwa naelekea kwenye supu ya makongoro.

Mama Watatu

Mzee wa Mkasi shikamoo. Hiyo "kru kru" imenitoa jasho. Mama yangu ana presha mwaka wa nane. Endelea baba, nasoma.

Mzee wa Mkasi

Marahaba mwanangu. Nimerudi.

Ukuta wa ateri una matabaka matatu. La nje ni kama gunia, linashikilia. La kati ni misuli na nyuzi zinazovutika, ndiyo zinazoupa ule mpira. La ndani limetandikwa utando wa seli unaoitwa endotheliamu, na unene wake ni seli moja tu. Moja. Huo ndio mlango wenyewe.

Msiudharau kwa wembamba wake. Utando huo unaamua nini kipite na nini kisipite, unazuia damu isigande ovyo, na unatoa gesi ya nitriki oksidi inayoiambia misuli ya ukuta ilegee. Ugunduzi wa gesi hiyo ndio uliowapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad tuzo ya Nobel mwaka 1998. Utando ukiwa mzima, mshipa unatanuka na kusinyaa wenyewe bila wewe kujua.

Mafuta nayo hayasafiri kwenye damu yakiwa matonge. Yanafungashwa kwenye vijipunje, na kipunje kinachotuumiza ni kile cha LDL kilichobeba lehemu, yaani kolesteroli. Ukila mafuta mengi ya yale yanayoganda yenyewe kwenye kopo (ya wanyama, siagi, mawese, nazi), ini lako linapunguza kazi ya kuviondoa vijipunje hivyo kwenye damu. Vinabaki vinazunguka. Vikizidi, vinapenya utando na kunasa kwenye ukuta. Vikikaa humo vinachacha, kama mafuta yoyote yanavyochacha. Mwili unaona kuna kitu kimeoza, unatuma askari, chembe nyeupe zinazokua na kuwa makrofaji. Wanaingia ukutani wanakula. Wanakula mpaka wanavimba wanakuwa kama povu, wanafia mle mle, na mizoga yao pamoja na lehemu waliyomeza ndiyo ule uji niliobinya mezani.

Sasa presha inaingia wapi? Hapa ndipo palipokuwa pananisumbua, mpaka daktari aliponiambia nitazame vitu viwili.

Kwanza, mabaka yanakaa wapi. Hayasambai sawasawa. Yanapenda kwenye maungio: pale ateri ya shingo inapogawanyika, kwenye midomo ya ateri za moyo, pale aota inapochipua matawi ya figo, inapogawana kwenda miguuni. Ni sehemu ambazo damu haiendi moja kwa moja, inajipinda na kuzunguka kama maji ya mto penye kona, na utando unasuguliwa kila upande.

Pili, na hili ndilo lililonimaliza: pembeni ya aota inapita vena kubwa inayorudisha damu kwenye moyo. Zimelala pamoja kama mapacha. Damu ni ile ile, mafuta ni yale yale, kitimoto ni kile kile. Pasua vena: safi. Laini kama ya mtoto. Miaka 19 sijawahi kusikia mkasi unalia kwenye vena. Tofauti yao ni presha. Kwenye ateri damu inasukumwa kwa milimita 120 za zebaki (ndicho kipimo cha presha) na zaidi, kwenye vena ile ni chache kupindukia.

Na anayesema labda vena imeumbwa kwa nyama nyingine, asikilize. Madaktari wa upasuaji wa moyo huwa wanachukua vena ya mguuni wanaishona kwenye moyo iwe njia ya pembeni ya kupita palipoziba. Ile vena iliyokaa mguuni miaka 60 bila doa, ikishapewa kazi ya ateri na presha ya ateri, inaanza kuota uji. Ndani ya miaka kumi karibu nusu ya vena hizo zinakuwa zimeziba.

Kwa hiyo ugomvi wa "ni mafuta" au "ni presha" kwangu uliishia pale mezani. Mafuta ndiyo mzigo, presha ndiyo mkono unaousukumia ukutani. Presha ikipanda, utando unavutwa kila pigo la moyo, na moyo unapiga mara laki moja kwa siku. Unachoka, unatoa gesi kidogo, nafasi kati ya seli zinalegea, mzigo unapita kirahisi. Misuli ya ukuta inanenepa kupambana na msukumo, zile nyuzi za mpira zinakatika. Ukuta ukishakuwa mgumu hautanuki tena moyo unaposukuma, kwa hiyo namba ya juu ya presha inazidi kupanda. Inakuwa inajilisha yenyewe.

Ole wa Nyikani

Mkuu nakuheshimu ila hapa naweka pingamizi. Babu zangu kule Simanjiro wamekula nyama, maziwa na damu maisha yote. Hawana presha, hawana kitambi, wanatembea kilomita na kilomita. Hizi hadithi za mafuta ni za wazungu wauza vidonge. Wazungu wenyewe walikuja kutupima wakashangaa.

Kijiwe Nongwa

Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri 😂 Mzee jibu hoja.

Mwalimu wa Bailojia

Naomba nimjibu Ole kabla ya Mzee, maana utafiti huo naujua. Aliyekuja ni George Mann na wenzake kutoka Marekani, miaka ya 1960. Ni kweli walikuta lehemu kwenye damu ya Wamasai iko chini licha ya chakula kile, na hilo ndilo linalosambazwa kila siku. Lakini watu hawasomi sehemu ya pili. Mwaka 1972 walichapisha matokeo ya kupasua mioyo na aota za wanaume 50 wa Kimasai. Ndani ya kuta walikuta mafuta na makovu mengi. Ateri za moyo zilikuwa zimenenepa ukuta sawa na za wazee wa Kimarekani! Kilichowaokoa ni kwamba mishipa yao ilikuwa imetanuka kuliko kawaida, damu ikawa inapita bado, na mabaka yaliyochanika yalikuwa machache sana. Mann alihisi ni ule mwendo wa miguu kila siku uliowapanulia mishipa.

Kwa hiyo Ole, babu zako ni kweli hawakuanguka na mshtuko wa moyo. Ila ukutani uji ulikuwepo.

Ole wa Nyikani

Hiyo ya 1972 sikuijua. Nakubali nusu. Lakini umesema mwenyewe, ni miguu.

Mwalimu wa Bailojia

Ni miguu. Swali ni moja: wewe unatembea kama babu au unakula kama babu?

Kijiwe Nongwa

🔥🔥🔥 Ole anaandika akiwa kwenye bodaboda.

Ole wa Nyikani

Nimekaa ofisini Arusha, kiti cha kuzunguka. Mmenishinda kwa leo.

Mkale wa Kisauni

Salaam aleikum. Mimi niko Mombasa. Huyu Mzee kataja nazi akapita kama hakusema neno. Sisi wa pwani twala wali wa nazi, samaki wa kupaka, mbaazi za nazi na mahamri, vyote vyalia nazi. Sasa watuambia tule mawe?

Mzee wa Mkasi

Waaleikum salaam kaka. Nazi sikuipita kwa bahati mbaya, niliogopa watu wa pwani.

Ukweli ni huu: mafuta ya nazi, sehemu zaidi ya nane katika kumi ni yale yanayopandisha LDL. Mawese ni kama nusu. Alizeti ni kama moja tu katika kumi. Lakini tui si mafuta matupu, kuna maji mengi humo, na mzee wa zamani aliyekula wali wa nazi na samaki alikuwa anapiga makasia. Anayenitia wasiwasi zaidi ni anayekula wali wa nazi mchana, jioni chipsi mayai zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyokuwa meusi tangu Alhamisi, na katikati mahamri manne. Tui la pili, lile jepesi, litumie zaidi ya lile zito la kwanza. Nami nakula, sijaacha.

Mama Watatu

Baba naomba kuuliza. Mama alipewa dawa za presha, akapima ikawa 128 kwa 80, akasema amepona akaacha. Jirani kampa juisi ya kitunguu saumu na limao, anasema "inasafisha mishipa". Anasema pia presha ya uzee ni kawaida, damu inahitaji nguvu kupita kwenye mishipa ya kizee. Nimjibuje? Mimi ni mtoto wake, siwezi kumkemea.

Mzee wa Mkasi

Usimkemee. Mpelekee stori, wazee wanapenda stori za wakubwa.

Hilo analosema la damu ya mzee kuhitaji nguvu, madaktari wakubwa duniani walikuwa wanaliamini hivyo hivyo. Rais wa Marekani Franklin Roosevelt alipimwa Machi 1944 na daktari wa moyo, Howard Bruenn, akakutwa na 186 kwa 108. Dawa za maana hazikuwepo. Mwaka uliofuata alikuwa na vita ya dunia mikononi na presha inapanda tu. Tarehe 12 Aprili 1945 alikuwa amekaa kiti chake huko Georgia, akasema kichwa kinamuuma vibaya, akaanguka. Bruenn alipompima alikuta 300 kwa 190. Alikufa siku hiyo hiyo, damu imevujia kwenye ubongo, umri miaka 63. Yule alikuwa na kila alichotaka duniani isipokuwa kidonge ambacho mama yako anacho kwenye kabati.

Kuhusu kupona: hiyo 128 ni ya dawa. Ni kama mtu aliyeshikilia mwavuli akaona halowani, akautupa akidhani mvua imekwisha. Akiacha itarudi, na ubaya wake haimpigii hodi. Mishipa myembamba ya ubongo, figo na macho ndiyo inayoumia kwanza, nayo hailii.

Kitunguu saumu ale, ni kiungo kizuri. Ila kumbuka mimi nilisugua ule uji kwa mkono wangu, chini ya bomba, mshipa uko wazi mezani, na haukutoka. Juisi itaufikiaje ukutani?

Dereva wa Masafa

Swali. Kama mishipa inaziba polepole kwa miaka, mbona watu wanaanguka ghafla? Mwenzetu mmoja alikula vizuri, akaongea na mkewe kwenye simu, akaenda kuangalia tairi, basi. Miaka 44. Hajawahi kulalamika kifua.

Mzee wa Mkasi

Pole sana kaka. Hilo ndilo swali ambalo kila familia huuliza pale mlangoni kwetu.

Kwa sababu mara nyingi haizibi polepole. Ule uji una ngozi juu yake. Ngozi ikiwa nene, baka linaweza kukaa miaka halina maneno. Ikiwa nyembamba, siku moja inachanika, na mara nyingi kwenye baka ambalo lilikuwa halijaziba hata nusu ya njia, kwa hiyo mtu hakuwahi kusikia chochote. Ikichanika, uji unagusana na damu. Damu haijui tofauti ya kidonda cha nje na cha ndani. Inaganda papo hapo kuziba jeraha. Bonge hilo la damu ndilo linalofunga njia, kwa dakika chache. Nimelitoa kwa kibanio mara nyingi. Ni dogo, kama punje ya mchele mweusi uliolowa. Kwenye moyo ni mshtuko wa moyo, kwenye ubongo ni kiharusi.

Na ugonjwa huu unaanza mapema kuliko tunavyodhani. Vita vya Korea, madaktari wa jeshi la Marekani walipasua mioyo ya askari 300 waliouawa, wastani wa umri miaka 22, vijana wa mazoezi. Matokeo yalitoka 1953: 77 katika kila 100 walikuwa tayari na dalili za ugonjwa kwenye ateri za moyo.

Kijiwe Nongwa

Miaka 22?? Mimi nina 31 na kitambi cha miezi saba. Naomba kuaga.

Mwalimu wa Bailojia

Usiage. Kule Finland, jimbo la Karelia Kaskazini, wanaume walikuwa wanakufa kwa moyo vibaya mno. Siagi kwenye mkate, siagi kwenye chungu, chumvi kila kitu. Mwaka 1972 walianza mpango wakiongozwa na Pekka Puska: siagi ipungue, chumvi ipungue, presha ipimwe kijiji kwa kijiji, sigara iachwe. Baada ya miaka kama 40, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimeshuka zaidi ya 80 katika 100. Na walishughulika na mafuta na presha kwa pamoja, kama Mzee anavyosema.

Dereva wa Masafa

Na sisi tunaokula njiani? Kuna sehemu ukiomba mboga za majani wanakuangalia kama mgonjwa.

Mzee wa Mkasi

Chumvi kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa VYOTE ulivyokula. Ile ya kunyunyizia chipsi mezani, na kachumbari, na supu, ukijumlisha ulishapita saa nne asubuhi. Nyama chukua ya kuchoma au kuchemsha kuliko ya kukaanga, ngozi ya kuku mwachie paka. Maharage yapo kila kituo. Ukisimama kupumzisha gari, tembea hata mara kumi kulizunguka. Sigara sisemi, unajua mwenyewe.

Na pima. Karibu nusu ya wenye presha duniani hawajui kama wanayo.

Dereva wa Masafa

Nimesoma nikiwa Morogoro, nikashuka famasi jirani na stendi. Wamenipima: 158 kwa 96. Mzee nimekwisha?

Mzee wa Mkasi

Hujaisha. Umetembea kutoka kwenye gari? Umekunywa kahawa? Umevuta?

Dereva wa Masafa

Vyote vitatu.

Mzee wa Mkasi

Kaa hapo hapo nusu saa, usivute. Kisha dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini usipishanishe, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usiongee wala usichat. Wapime tena mara mbili.

Mama Watatu

Tunasubiri.

Dereva wa Masafa

149 kwa 94. Halafu 146 kwa 92. Dada wa famasi ameniandikia kwenye karatasi, anasema 140 kwa 90 ndiyo mpaka.

Mzee wa Mkasi

Anasema kweli. Siku moja haitoshi kukuita mgonjwa, lakini haitoshi pia kukuacha. Pima tena kesho na keshokutwa, asubuhi kabla ya kahawa, andika kwenye karatasi hiyo hiyo. Ukirudi Dar nenda nayo hospitali, waambie wapime na lehemu, sukari na figo. Leo unalala wapi?

Dereva wa Masafa

Dodoma. Nimeshamwambia utingo anunue ndizi na maji. Supu ameinywa peke yake.